Kuku hanyonyeshi. Kwa nini Wayahudi hawamli na maziwa?

#1 mpishi_wa_kambi
Wakuu salaam. Mimi ni mpishi wa kambi za safari hapa Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa niko porini na masufuria. Mwezi uliopita tulipokea wageni tisa, Wayahudi wanaoshika dini yao sawasawa. Kuna swali wameniachia, limenikaa kichwani hadi leo.

Walikuja na sufuria zao mpya, visu vyao, hadi mwiko. Kabla ya kuvitumia walisimamisha gari mtoni, wakavizamisha vyote majini, wakasoma dua. Mmoja wao, mzee, ndiye mchinjaji. Kisu chake ni kirefu na hakina ncha, kimekatwa mraba. Kabla ya kila kuku alipitisha makali juu ya ukucha wake, polepole, kwenda na kurudi, akitafuta pengo hata la unywele. Akishachinja anakikagua tena. Damu iliyomwagika chini aliifunika kwa udongo. Mimi nilishachemsha maji ya kunyonyolea, akanizuia: hakuna maji ya moto. Tukanyonyoa kuku wanne wakavu, vidole vikawaka. Kisha wakalowekwa nusu saa, wakapakwa chumvi ya mawe, wakalazwa saa nzima kwenye ubao ulioinama ili damu ishuke, wakasuuzwa mara tatu.

Hayo yote niliyapokea. Sasa nikataka kumlaza kuku kwenye mtindi, maana kuku wa kienyeji asipolainishwa ni kazi kwa meno. Mzee akasema hapana, nyama na maziwa havikutani. Nikamwambia mzee wangu, kuku hana chuchu, hajawahi kumnyonyesha mtu. Akacheka sana, akasema ni kweli, lakini ndivyo ilivyo. Kesho yake nikakaanga sato kwa siagi, wakala wakaomba tena! Samaki na siagi ruksa, kuku na mtindi marufuku. Anayejua anieleze kwa lugha ya jikoni.

#2 Ng'ombe Tano
Nimeleta kigoda. Wakati tunasubiri wataalamu: na twiga je, wanamla?

#3 Nyar_Kisumu
Mpishi, jibu liko kwenye Biblia. Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14. Mnyama awe na kwato zilizogawanyika NA acheue. Samaki awe na mapezi na magamba. Sisi Wasabato tunafuata hayo hadi leo, ndiyo maana kwetu nyumbani mumi (kambare) hajawahi kuingia sufuriani ingawa ziwa liko mlangoni. Sababu ni afya. Mungu alijua nguruwe ana minyoo na kambare anakula uchafu wa chini, watu wakaja kugundua baadaye kwa hadubini.

#4 mwanafunzi_wa_kale
Dada #3, aya uko sahihi, ila swali la kuku hujaligusa. Hakuna aya inayomtaja kuku na maziwa. Kilichoandikwa, tena mara tatu (Kutoka 23, Kutoka 34, Kumbukumbu 14), ni kwamba usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Basi. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, ndio waliotanua: kutoka mwana-mbuzi hadi nyama yote ya mfugo, kutoka kutokosa hadi kula pamoja, kisha wakaongeza ndege.

Wanaita kujenga uzio. Kuku akichemka anafanana na nyama ya ndama, watu wanasema "leo tumekula nyama" wakiwa wamekula kuku. Ukiruhusu kuku na mtindi, kesho mtu atafanya hivyo kwa mbuzi. Samaki hakuna anayemchanganya na nyama, akabaki nje ya uzio. Talmudi yenyewe, kitabu cha mijadala ya marabi hao, inakiri jambo hili lilikuwa na ubishi: mji wa rabi Yose wa Galilaya walikuwa wakila kuku na maziwa bila shida. Na Wakaraiti, Wayahudi wasioikubali Talmudi, wanakula hadi leo.

#5 mpishi_wa_kambi
Mkuu #4 ubarikiwe, hiyo ya uzio imeingia. Kwa hiyo mzee alicheka kwa sababu anajua kuku hana hatia.

#6 Binti Unguja
Assalaam aleikum. Mimi niko Toronto mwaka wa tisa. Miaka ya mwanzo duka la halali lilikuwa mbali, mabasi mawili kwenye theluji, lakini la Wayahudi lilikuwa nyuma ya jengo letu. Nikamuuliza shekhe wetu, akanisomea Al-Maida aya ya 5, chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Nikawa nanunua kuku pale. Mara ya kwanza nilimtia chumvi kama nyumbani, mchuzi ukatushinda! Kumbe ameshakaa chumvini kabla hajafika dukani. Mpishi hapo #1 angeniambia mapema nisingemwaga sufuria nzima.

Ila msidhani ni kitu kimoja. Ngamia kwetu halali, kwao haramu. Pweza kwetu sisi Mashafii ni kitoweo cha heshima, kwao hagusiki. Mvinyo kwao wa baraka, kwetu haramu.

#7 Mbaraka_Upanga
Binti Unguja, ongeza na hili: hapa hapa Dar, Zanzibar na Mombasa kuna Waislamu wasiokula pweza. Khoja Shia Ithnaasheri wanakula samaki mwenye magamba tu. Papa, ngisi, kambare, kaa, vyote hapana. Nimekua jirani nao Upanga, ukipeleka samaki wa futari unapeleka changu au nguru.

#8 Ng'ombe Tano
Na kamba pia hawali?

#9 Mbaraka_Upanga
Kamba wanakula, wana ruhusa yake maalumu. Hapo ndipo wanaachana na Wayahudi. Na nguru usimdharau, magamba yake madogo lakini yapo.

#10 mwanafunzi_wa_kale
Kweli kabisa. Hata jodari mwenye magamba machache anaruhusiwa, na Talmudi inasema samaki anayepukutisha magamba anapotolewa baharini ni halali vilevile. Sharti gamba ling'oke bila kuchana ngozi. Papa ngozi yake ni msasa, huwezi kuitenganisha na magamba. Ndiyo maana Myahudi mwangalifu hanunui mnofu uliochunwa ngozi, anataka amwone samaki mzima.

#11 mpishi_wa_kambi
Ndiyo maana!! Nilimletea mzee minofu ya sangara, mizuri, meupe. Akaitazama kwa huzuni akarudisha. Nikaenda sokoni tena kutafuta sato wazima. Angesema tu.

#12 Mjukuu wa Kibo
Turudi kwa #3. Mimi ni daktari wa mifugo na hoja ya afya hainitoshi. Nguruwe ana tegu, sawa, na ng'ombe ana tegu wake pia, mbona karuhusiwa? Nyama ikiiva vizuri vyote vinakufa. Na ngamia ana ubaya gani? Sungura? Kama ni orodha ya afya ingeanza na uyoga wenye sumu, na hauguswi kabisa.

#13 Nyar_Kisumu
Daktari, wakati ule hawakuwa na jiko la gesi wala kipimo cha joto. Mungu alichukua njia ya usalama. Bibi yangu alifika miaka 97 bila kitimoto na bila mumi.

#14 mwanafunzi_wa_kale
Ubishi wenu una umri mrefu. Maimonides, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12, alikuwa upande wa dada #3: nguruwe ni mchafu, na nyama ndani ya maziwa ni chakula kizito mno tumboni. Karne ya 15 akaja Abravanel, mwanazuoni mwenzake wa Kiyahudi, akampinga kama daktari wetu: mbona mataifa yanayokula nguruwe yana afya tele? Torati si kitabu cha tiba.

Maimonides huyo huyo alihisi pia kwamba mbuzi katika maziwa ilikuwa ibada ya wapagani. Karne iliyopita vilichimbuliwa vibao vya udongo huko Ugarit, Syria, msomaji mmoja akasema ameona maneno ya kupika mwana-mbuzi kwa maziwa. Watu wakashangilia kwamba jibu limepatikana.

#15 Padri Mstaafu
Mwanangu #14, malizia hadithi. Kibao kile kimevunjika mahali penyewe, na waliokisoma baadaye waliukataa usomaji ule. Nilifundishwa hiyo ya Ugarit seminarini kama jambo lililothibitika, nami nikawafundisha wengine miaka mingi. Nawaomba msiirudie.

#16 mwanafunzi_wa_kale
Shikamoo padri. Nimepokea, sitairudia.

#17 Kasaï wa Lubumbashi
Salamu kutoka Lubumbashi. Maelezo mengine yalitoka kwetu Kongo. Mary Douglas, Mwingereza mtafiti wa mila, aliishi na Walele, kabila la Kasai, akaona wanavyomheshimu kakakuona: ana magamba kama samaki lakini anapanda miti, anazaa mtoto mmoja kama mtu. Mnyama asiyekaa kwenye fungu lake. Mwaka 1966 akaandika kwamba Walawi 11 ni vilevile: nguruwe ana kwato lakini hacheui, kambare yuko majini lakini hana magamba. Kinachokataliwa ni kile kinachovuruga mpangilio wa uumbaji.

#18 Mjukuu wa Kibo
Hiyo naielewa kuliko ya minyoo. Ila huyo mama mwenyewe baadaye alikiri alikosea sehemu, akaandika upya. Mimi naegemea kwa Marvin Harris, Mmarekani mtafiti wa mila: nguruwe anataka kivuli na matope, hali majani, anakula nafaka ile ile anayokula mtu. Nchi kavu kama ile kumfuga ni hasara. Mbuzi anakula mwiba anakupa maziwa.

#19 Padri Mstaafu
Kama nguruwe alikuwa hasara, watu wangeacha wenyewe bila sheria. Hakuna anayekatazwa kufuga nyangumi. Na kambare naye alikuwa hasara? Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za mifupa ya kambare na papa iliyochimbuliwa kwenye miji ya Yuda ya kale, ikiwemo Yerusalemu. Watu walikuwa wakiwala. Sheria ilikuja juu ya mdomo uliokwisha kuonja.

#20 Ng'ombe Tano
Swali la twiga limerukwa na watu ishirini.

#21 mwanafunzi_wa_kale
Haya mkuu, kwato zimegawanyika, anacheua: anaruhusiwa. Saadia Gaon, rabi wa karne ya 10, alipotafsiri Torati kwa Kiarabu alimweka twiga kwenye orodha ya Kumbukumbu 14. Ile hadithi kwamba hawamli kwa sababu hawajui wachinje wapi kwenye shingo ndefu si kweli, mahali panajulikana. Kazi ni kumshika. Na hapa kwetu ni mnyama wa taifa, ukimgusa unakwenda jela.

#22 Ng'ombe Tano
Nimeridhika. Na wibari ni nani? Biblia yangu inasema "wibari, kwa sababu yeye hucheua". Nimeuliza kanisani, kila mtu anatazama pembeni.

#23 Mjukuu wa Kibo
Wibari ni pimbi. Wale wa kwenye majabali ya Serengeti wanaoota jua kama paka. Israeli wapo vilevile, Ein Gedi wamejaa. Kitaalamu hacheui kama ng'ombe, ila anatafunatafuna taya hata akiwa ametulia, anayemwangalia anaona anacheua. Sungura naye anakula kinyesi chake laini mara ya pili, ndiyo kucheua kwake.

#24 Nyar_Kisumu
Kumbe ni pimbi! Miaka yote nilidhani ni mnyama wa Ulaya.

#25 Mhaya Halisi
Mnazungumzia miguu minne tu. Senene je? Walawi 11 inaruhusu wadudu wenye miguu ya kurukia juu ya nyayo zao. Senene anaruka kuliko mtu yeyote hapa. Nina kopo nimeletewa kutoka Bukoba, nilitaka kumpa jirani yangu Myahudi hapa Antwerp.

#26 mwanafunzi_wa_kale
Usimpe kabla hujamuuliza. Aya inataja aina nne, lakini Wayahudi wengi walipoteza ujuzi wa kuzitambua, wakaacha zote. Wayemeni ndio waliobaki na mapokeo ya nzige wa jangwani kutoka kwa babu zao, na baadhi ya Wamoroko. Ni yule yule aliyevamia Kenya mwishoni mwa 2019. Wayemeni wangemwona chakula. Senene hana babu wa Kiyahudi aliyemshuhudia, kwa hiyo hapana. Na kumbikumbi usijaribu kabisa.

#27 Mhaya Halisi
Basi nitakula mwenyewe, asante.

#28 mpishi_wa_kambi
Jamani wadudu! Mboga ndizo zilizonimaliza. Mchicha mafungu sita, mke wa mzee aliuloweka kwenye maji ya chumvi, kisha akachukua jani moja moja akalinyoosha mbele ya taa. Moja moja. Saa nzima na nusu. Alipata kidudu cha kijani kama punje ya ufuta, akanionyesha bila kunisema. Mayai alivunja moja moja kwenye glasi, lenye tone la damu akalitupa. Sasa hivi mimi mwenyewe siwezi kuvunja yai moja kwa moja kwenye bakuli.

Lakini kuna jambo lilinichoma. Kila alfajiri mzee alikuja kuwasha jiko mwenyewe. Nikiwa nimeshika kiberiti, anakiomba, anawasha, anaondoka. Nikaona ananidharau, mimi mpishi wa miaka kumi na moja siaminiki na moto?

#29 Kasaï wa Lubumbashi
Mpishi, usiumie. Hiyo ni sheria yao. Chakula cha heshima kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hawali, lazima Myahudi awe na mkono katika upishi. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kuwasha moto kunatosha. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wana masharti zaidi, mara nyingi mwenyewe aweke sufuria motoni. Bibi yangu alipikia familia ya Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes hapa mjini, enzi hizo ukiitwa Elisabethville. Mama mwenye nyumba alikuja kila siku kutia mkono kwenye sufuria, na bibi alidhani anamwonea wivu upishi wake. Kwa kuwasha jiko, mzee alikuwa anataka wewe uendelee kupika. Asingewasha, wasingekula chako.

#30 mpishi_wa_kambi
Kasaï, umenitua mzigo. Nilimnunia siku tatu.

#31 Wanyama_Mbale
Salaam kutoka Mbale, Uganda. Kwetu kuna Abayudaya, waafrika wenzetu, wameshika dini hii tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoianza mwaka 1919. Amin aliwapiga marufuku, wakasali mafichoni. Wana wachinjaji wao, na ukiwa na sherehe ukataka waje, unamwita mchinjaji wao achinje. Matoke hayana shida, si nyama si maziwa. Tunakaa nao vizuri tu.

#32 Mbaraka_Upanga
Na ugali?

#33 Kasaï wa Lubumbashi
Siku za kawaida sawa. Pasaka yao ndipo kwenye mgogoro. Wiki ile hawagusi kilichochachuka cha nafaka tano: ngano, shayiri na jamaa zake. Mkate wao usiochachuka lazima uingie tanuruni kabla dakika 18 hazijapita tangu unga uguse maji. Mahindi si kati ya hizo tano, lakini Waashkenazi waliyaacha pia, pamoja na mchele na maharage. Wasefaradi wengi wanakula. Bibi alichambuzwa mchele mara tatu kwenye ungo, punje ya ngano isionekane. Na bukari, ndio ugali wetu, ililiwa.

#34 Binti Unguja
Mahindi ndiyo maana Coca-Cola ya Pasaka huku ina kifuniko cha njano! Inatengenezwa kwa sukari ya miwa badala ya sukari ya mahindi.

#35 mwanafunzi_wa_kale
Na kabla ya kifuniko kuna kisa. Rabi Tobias Geffen wa Atlanta aliulizwa sana kuhusu soda ile, kampuni ikamwonyesha viambato kwa siri. Akakuta gliserini ya mafuta ya wanyama, kidogo mno. Sheria yao inasema kitu kikidondoka kwa bahati mbaya na kikawa chini ya sehemu moja kwa sitini, kimemezwa, yaani kinahesabika kama hakipo. Akasema hiki hakikudondoka, kimetiwa kwa makusudi, hakimezwi. Wakabadilisha, wakatia ya mimea, naye mwaka 1935 akaandika ruhusa yake.

#36 Fundi Gesi
Ile alama ya U ndani ya duara kwenye biskuti za supamaketi ndiyo ruhusa yenyewe?

#37 Binti Unguja
Ndiyo. Ukiona D pembeni yake ina maziwa. P ni ya Pasaka, watu wengi wanakosea hapo.

#38 mpishi_wa_kambi
Wakuu, kundi lingine linakuja Juni, sasa nataka ushauri wa kazi. Nawaza kuku wa nazi. Tui si maziwa, sawa? Ila nikikumbuka mwisho wa safari: wamekula nyama saa saba mchana, saa kumi nikawapelekea chai ya maziwa, wakaomba ya rangi, wanasubiri saa sita zipite. Wakiona mchuzi mweupe kwenye kuku si watakimbia?

#39 mwanafunzi_wa_kale
Tui ni tunda, halina neno. Kiswahili kimekusaidia, tui ni tui. Wazungu wanaliita maziwa ya nazi, ndipo mtu anashtuka. Wayahudi wa zamani walipata shida hiyo hiyo kwa maziwa ya lozi, wakaamua: ukipika nyama kwa maziwa ya lozi, weka lozi mezani karibu na sahani, anayepita aone asikudhanie vibaya.

#40 Nyar_Kisumu
Hiyo nzuri jamani. Kumlinda mwenzako asikudhanie vibaya.

#41 mpishi_wa_kambi
Nimepata! Nitavunja nazi mbele yao, na kifuu chenye nyama yake nitakiweka katikati ya meza. Mbuzi ya kukunia itakuwa mpya, itazamishwa mtoni kwanza. Kiberiti nitakiweka mezani kabla mzee hajaomba.

#42 Fundi Gesi
Vitunguu utakaanga kwa nini? Usije ukatia samli.

#43 mpishi_wa_kambi
Lo! Samli ya kopo ni maziwa?

#44 Mbaraka_Upanga
Ya ng'ombe ni maziwa. Nyingine imeandikwa samli na ni mafuta ya mawese tu. Soma kopo.

#45 Nyar_Kisumu
Mafuta ya alizeti, mpishi. Usijitese.